Herufi Tatu na Jina la Mahali

(Somo la biashara, na mwanafunzi wa zamani)

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo litakalowafaa wanaojifunza biashara, na pia wale ambao wameshaanza kuuza na kununua. Mimi ni mwenyeji wa Sikuda, upande wa Uganda, na kwa miaka mingi nimekuwa karani wa wakala wa forodha mpakani Busia. Kazi yangu ni kusoma hati za mizigo. Katika kazi hiyo nimeona kwamba watu wengi husoma bei kwa uangalifu sana, lakini maneno machache yanayofuata bei huyapita kana kwamba ni mapambo. Maneno hayo ndiyo nitakayoyaeleza.

Mtu akipokea barua ya bei kutoka ng'ambo huona maandishi kama haya: "Dola 4,000 CIF Mombasa." Dola 4,000 kila mtu anazielewa. Lakini hiyo CIF ni nini? Na kwa nini imetajwa Mombasa, hali mnunuzi anakaa Sikuda au Tororo? Asiyejua majibu aweza kufilisika kwa kitu alichodhani amekinunua rahisi. Basi katika somo hili lote nataka mshike jambo moja: bei isiyosema mzigo utakabidhiwa wapi si bei kamili, na aliyekubali bei ya namna hiyo hajui bado amekubali nini.

MASHARTI HAYA YALITOKA WAPI

Tangu zamani wafanyabiashara wa baharini walikuwa na desturi zao za kukabidhiana mizigo. Lakini desturi ya bandari moja haikuwa sawa na ya bandari nyingine. Neno moja likawa na maana mbili, na mashauri yakawa mengi mahakamani. Chemba ya Kimataifa ya Biashara, iliyoanzishwa mwaka 1919 na yenye makao yake Paris, Ufaransa, ikazikusanya desturi hizo ikatoa kitabu cha kwanza cha masharti mwaka 1936. Masharti hayo huitwa Incoterms. Yamesahihishwa mara nyingi, katika miaka ya 1953, 1967, 1976, 1980, 1990, 2000, 2010 na 2020, kwa sababu njia za uchukuzi nazo zimebadilika. Toleo la 2020 lilianza kutumika Januari 1, 2020, nalo lina masharti 11.

Kila sharti huandikwa kwa herufi tatu, kisha jina la mahali. Na kila sharti hujibu maswali matatu. Kwanza, nani alipe nauli ya mzigo na gharama nyingine, na hadi wapi? Pili, mzigo ukiharibika, ukiibwa au ukizama, hasara ni ya nani? Hilo la pili nitaliita hatari ya mzigo. Tatu, nani ashughulike na forodha, ya kutoa mzigo katika nchi moja na ya kuuingiza katika nchi nyingine?

Yafaa kujua pia yale ambayo masharti haya hayasemi. Hayasemi mali itakuwa milki ya mnunuzi siku gani. Hayasemi fedha zilipwe lini, wala mahindi yawe makavu kiasi gani, wala shauri likitokea liamuliwe na mahakama ipi. Hayo hayana budi kuandikwa mbali katika mkataba. Tena masharti haya si sheria ya serikali. Huwafunga watu kwa sababu wao wenyewe wameyataja na kuyakubali.

MASHARTI 11 KWA UFUPI

Saba yafaa kwa kila namna ya uchukuzi, iwe lori, gari moshi, ndege au meli:

EXW: mnunuzi auchukue mzigo mahali pa muuzaji.
FCA: muuzaji amkabidhi mzigo mchukuzi aliyechaguliwa na mnunuzi.
CPT: muuzaji alipe nauli ya mzigo hadi mahali palipotajwa.
CIP: muuzaji alipe nauli na bima hadi mahali palipotajwa.
DAP: muuzaji aufikishe mzigo mahali palipotajwa, ukiwa tayari kupakuliwa.
DPU: muuzaji aufikishe na kuupakua.
DDP: muuzaji aufikishe, na ushuru wa kuuingiza awe ameulipa yeye.

Manne ni ya bahari na maziwa na mito tu:

FAS: muuzaji auweke mzigo kando ya meli.
FOB: muuzaji aupakie mzigo melini.
CFR: muuzaji alipe nauli ya meli hadi bandari iliyotajwa.
CIF: muuzaji alipe nauli na bima hadi bandari iliyotajwa.

Angalieni herufi ya kwanza ya kila sharti, kwa maana ndiyo ufunguo. Sharti likianza kwa E, F au D, mahali palipotajwa ndipo hatari inapotoka mabegani mwa muuzaji na kuingia mabegani mwa mnunuzi. Lakini likianza kwa C, mahali palipotajwa ni mwisho wa nauli tu. Hatari imeshahama zamani, kule mzigo ulikopakiwa. Wengi hujikwaa hapo, nami nitawaonyesha kwa mifano.

MAHINDI YA SIKUDA

Msidhani kwamba masharti haya ni ya meli na bahari tu. Kwetu Sikuda biashara ya nchi na nchi iko umbali wa safari ya baiskeli. Gunia la mahindi likitoka ghalani na kuvuka mpaka wa Busia limeshakwenda nchi nyingine, ijapokuwa muuzaji na mnunuzi huenda ni Wasamia wote wawili, au Wateso wote wawili, na wanasalimiana kwa lugha moja. Kwa sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki mahindi ya Uganda hayatozwi ushuru wa forodha yakiingia Kenya, maadamu yana cheti cha kuonyesha yalikotoka. Na mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 una cheti chepesi kinachotolewa mpakani. Tangu 2018 tuna hata kituo kimoja Busia ambamo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi pamoja. Lakini kutolipa ushuru si kutokuwa na mpaka.

Tuseme mkulima wa Sikuda ana magunia 100, na mnunuzi wake yuko Bungoma. Aweza kuuza kwa njia tatu.

Akiuza EXW Sikuda, kazi yake ni kuyaweka magunia tayari ghalani. Mnunuzi aje na lori na mahamali wake, apakie, na ashughulike hata na hati za kutoa mzigo Uganda. Ni rahisi kwa mkulima, lakini mtu wa Bungoma hana urahisi wa kuzunguka katika ofisi za Uganda, kwa hiyo bei atakayotoa itakuwa ndogo.

Akiuza FCA ghalani kwake Sikuda, mkulima ndiye anayepakia juu ya lori la mnunuzi na kutengeneza hati za kutoka Uganda. Gunia la mwisho likishakaa juu ya lori, hatari imehama. Lori likipinduka kabla ya kufika Busia, hasara ni ya mnunuzi.

Akiuza DAP Bungoma, mkulima hukodi lori kwa fedha zake na kubeba hatari ya njia nzima hadi Bungoma. Mnunuzi hupakua, na kazi ya kibali cha kuingiza mahindi Kenya ni yake mnunuzi. Hapa mkulima hana budi kudai bei kubwa zaidi, maana amechukua mzigo mkubwa zaidi wa gharama na wa wasiwasi.

Bei tatu hizo zikitofautiana, hakuna iliyo ghali wala rahisi mpaka tujue kila moja inanunua kazi gani.

Faida ya kuandika mambo haya ilionekana Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Tarehe 10 katazo likaondolewa kwa masharti: waagizaji waandikishwe, na kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Lakini siku hizo chache zilitosha. Malori yalipanga foleni mpakani, na mahindi hayapendi kungoja.

Mama mmoja jirani yangu alikuwa na shehena katika foleni hiyo. Mvua ikapenya turubai, na magunia mengi yakalowa. Mnunuzi akasema hatalipa mpaka mahindi makavu yafike dukani kwake. Mama akasema yeye alikwisha kuyapakia juu ya lori alilolitafuta mnunuzi mwenyewe. Shauri likaletwa mbele ya wazee, nao wakaniita kwa kuwa nazijua hati.

"Mama," nikamwuliza, "mlikubaliana mnunuzi aupokee mzigo wapi?"

"Mwanangu," akajibu, "tulikubaliana bei ya kilo. Mengine tulimwachia Mungu."

Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Wazee wakaamua kila mmoja abebe nusu ya hasara, na nusu ya mama yule ilikuwa karo ya watoto wake kwa muhula mzima. Siwalaumu wazee, kwa kuwa hawakuwa na kitu cha kushika. Lakini kama mkataba ungesema FCA Sikuda, hasara yote ya mvua ingekuwa ya mnunuzi, maana mzigo ulishapakiwa. Kama ungesema DAP Bungoma, hatari ya njiani ingekuwa ya mama, isipokuwa kama mzigo umekwama kwa sababu mnunuzi hakupata kibali cha kuingiza. Toleo la 2020 laeleza kwamba hatari ya kukwama kwa namna hiyo ni ya mnunuzi. Na kama mahindi yenyewe yangekuwa na sumukuvu tangu ghalani, hilo lingekuwa shauri jingine kabisa, shauri la ubora, ambalo herufi tatu haziliamui.

KAHAWA YA MLIMA ELGON

Sasa twende mbali kidogo. Kahawa ya Mlima Elgon hushuka kutoka Mbale, hupita Tororo na Malaba, kisha huenda Mombasa, safari ya zaidi ya kilometa 900 kutoka mpakani hadi baharini. Mara nyingi bei ya kahawa hutajwa FOB Mombasa. Maana yake ni kwamba muuzaji wa Uganda hulipa uchukuzi wote hadi bandarini, hufanya forodha ya kutoka, na hubeba hatari mpaka kahawa iko ndani ya meli. Katika matoleo ya zamani hatari ilihama mzigo ulipovuka ukingo wa meli. Tangu toleo la 2010 huhama mzigo ukishakuwa melini.

Kumbukeni yaliyotokea Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Januari 2008 vurugu zilikata barabara, reli iling'olewa Kibera, Nairobi, na huku Uganda petroli ikaadimika. Tuseme lori mbili zilikwama siku moja mahali pamoja. Moja lateremka na kahawa iliyouzwa FOB Mombasa. Jingine lapanda na mashine zilizonunuliwa CIF Mombasa. Yote mawili yakichomwa moto, hasara ni za nani? Kahawa ni hasara ya muuzaji wa Uganda, kwa kuwa haijafika melini. Mashine ni hasara ya mnunuzi wa Uganda, kwa kuwa hatari ilishakuwa yake tangu zilipopakiwa ng'ambo. Kwa kwenda na kwa kurudi, ni Mganda anayeumia. Nchi isiyo na bahari ikikubali masharti yote yaishie bandarini, barabara nzima inakuwa juu ya watu wake. Si kosa kuibeba barabara hiyo, bali mtu aibebe akijua, na aikatie bima.

Kuna shauri la kontena pia. Siku hizi kahawa nyingi husafiri katika kontena. Muuzaji hulikabidhi kontena uwanjani, nalo laweza kukaa siku kadhaa kabla ya kuinuliwa melini. Kwa FOB, siku zote hizo hatari ni ya muuzaji, ingawa mzigo haumo tena mikononi mwake. Kwa hiyo Chemba yenyewe hushauri FCA kwa mizigo ya kontena: muuzaji akishakabidhi, amemaliza. Zamani wauzaji waliliogopa sharti hilo kwa sababu benki ilidai hati ya shehena iliyoandikwa kwamba mzigo umo melini. Toleo la 2020 limelitatua jambo hilo: muuzaji na mnunuzi waweza kukubaliana kwamba mnunuzi amwamuru mwenye meli ampe muuzaji hati hiyo.

MELI ILIYOZAMA

Turudi kwenye CIF, maana ndiyo inayowanasa wengi. Muuzaji wa CIF hulipa nauli na bima hadi bandari ya mnunuzi, na kwa hiyo mnunuzi hudhani kwamba muuzaji ameahidi kuufikisha mzigo. Sivyo. Ameahidi kuupakia melini, kulipa, na kuleta hati tatu: ankara, hati ya shehena, na hati ya bima. Akizileta hati zilizo sawa, mnunuzi hana budi kulipa.

Huko London, Jaji McCardie alipewa shauri la kampuni ya Manbre Saccharine na kampuni ya Corn Products. Bidhaa za mahindi zilikuwa zimepakiwa Marekani katika meli Algonquin, nayo ikazamishwa na Wajerumani Machi 1917. Baada ya meli kuzama muuzaji akaleta hati na kudai fedha zake. Jaji akasema kwamba muuzaji wa CIF ana haki ya kuleta hati ijapokuwa meli imezama, na ijapokuwa yeye mwenyewe anajua kwamba imezama. Hata hivyo muuzaji yule alishindwa, kwa sababu nyingine: hati yake ya bima haikuwa ya namna iliyotakiwa.

Je, ni dhuluma? La. Mnunuzi anayelipa hupata hati ya bima, na kwa hati hiyo hudai fidia. Kwa hiyo ulinzi wake wote umo katika karatasi ile. Na hapa ndipo pa kutazama sana, maana si kila bima hulinda kila kitu. Kwa CIF muuzaji hatakiwi kuleta zaidi ya bima ndogo kabisa, ile iitwayo C, ya kiasi cha asilimia 110 ya bei. Bima hiyo hulipa moto, meli kuzama au kukwama, kugongana, na mambo makubwa ya namna hiyo. Hailipi wizi, wala maji ya bahari yaliyopenya katika mzigo. Kwa CIP, toleo la 2020 ladai bima kubwa iitwayo A, ambayo hulipa karibu kila ajali. Herufi moja tu imebadilika kutoka CIF hadi CIP, lakini tazameni tofauti yake.

MASHINE YA KIKUNDI

Kikundi kimoja cha wakulima wa kwetu kilichanga fedha misimu miwili ili kununua mashine ya kusaga. Muuzaji wa ng'ambo akawapa bei ya CIF Mombasa. Wakalipa, wakatoa na shukrani kanisani, wakidhani kwamba lililobaki ni kungoja lori. Barua ilipokuja kwamba mzigo uko Mombasa, wakaniletea hati.

Ilinibidi niwaeleze mambo mawili. La kwanza lilikuwa gharama. Bei yao iliishia Mombasa. Gharama za bandari, ujira wa wakala, uchukuzi hadi Busia, na kodi, vyote vilikuwa juu yao. Tena tangu 2014, katika utaratibu wa himaya moja ya forodha ya Afrika Mashariki, kodi za mzigo uendao Uganda hulipwa kabla mzigo haujatoka Mombasa. Hapana nafasi ya kusema, "Tutatafuta fedha mzigo ukifika mpakani." Na kila siku ya kutafuta fedha, mzigo ulioko bandarini unaongeza deni la ghala.

La pili lilikuwa zito zaidi. Sanduku lilipofunguliwa, mota ilikuwa na kutu, na chumvi imeganda juu yake. Maji ya bahari yalikuwa yamepenya. Nikaisoma hati ya bima: ilikuwa C. Wakaandika barua ya madai, na jibu likaja kwamba ajali ya namna hiyo haimo. Muuzaji naye akajibu kwamba alipakia mashine nzima, na hati ya shehena yashuhudia. Kwa sheria alikuwa na haki. Kikundi kikanunua mota nyingine, na kinu kikaanza kusaga msimu wa pili badala ya wa kwanza. Akina mama waliendelea kubeba mahindi vichwani hadi kinu cha mbali kwa mwaka mzima.

Wangefanyaje? Wangeweza kumwambia muuzaji hivi: "Tupe bei ya CIP Tororo, na bei ya DAP Tororo, tulinganishe." Kwa CIP Tororo nauli na bima kubwa vingelipwa hadi Tororo, hatari ya njiani ingekuwa yao bado, lakini bima ingewalipa. Kwa DAP Tororo hatari yote ya njiani ingekuwa ya muuzaji, nao wangebaki na kazi ya kodi na kupakua. Bei zote mbili zingeonekana kubwa kuliko CIF Mombasa. Lakini bei kubwa inayofika nyumbani yaweza kuwa ndogo kuliko bei ndogo inayokuacha bandarini. Au wangeweza kununua CFR Mombasa na kukata bima yao wenyewe, kwa kampuni iliyo karibu wanayoweza kuifuata. Kenya ilianza Januari 1, 2017 kuwabana waagizaji wake wakate bima ya mizigo kwa makampuni ya humo nchini, na kwa hiyo mwagizaji wa Kenya anayenunua CIF aweza kujikuta amelipia bima mara mbili.

Wengine hupenda DDP, kwa kuwa muuzaji hulipa hata ushuru. Sharti hilo ni tamu masikioni, lakini muuzaji wa ng'ambo mara nyingi hajaandikishwa kulipa kodi kwetu. Kazi akishindwa kuifanya, mzigo hukwama, na mwenye haja nao ni wewe. Wala msidhani kwamba kununua FOB kutapunguza ushuru. Forodha hukadiria thamani kwa kujumlisha bei, nauli na bima hadi mzigo unapoingilia, hata kama ankara yako yataja bei peke yake.

NAMNA YA KUANDIKA

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sharti zuri lina sehemu tatu: herufi, mahali hasa, na toleo. Mathalani: "FCA ghala la muuzaji, Sikuda, Wilaya ya Busia, Uganda, Incoterms 2020." Msiandike "FCA Uganda", maana Uganda ni kubwa. Msiandike "DAP Busia" tu, maana Busia ziko mbili, moja Uganda na moja Kenya, na mstari uliopita katikati yake ndio mnaougombania. Na msipotaja toleo, mwenzako aweza kushika kitabu cha 2010, ambacho hakina DPU na ambacho CIP yake haikudai bima kubwa.

Na kwa sharti linaloanza kwa C, andikeni mahali pawili: nauli inakoishia, na pia mzigo unakokabidhiwa kwa mchukuzi, kwa maana hapo ndipo hatari inapohama.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mfanyabiashara wa Tororo amenunua pampu 50 kutoka Nairobi kwa sharti la CPT Tororo. Lori la mchukuzi limepinduka karibu na Eldoret. Nani alilipa nauli? Hasara ni ya nani?

2. Mkulima wa Sikuda amepewa bei mbili za mahindi yake: moja EXW Sikuda, nyingine DAP Kisumu. Andika orodha ya kila gharama atakayoipata katika bei ya pili, kisha useme tofauti ya bei iwe kiasi gani ndipo afadhali aichague hiyo ya pili.

3. Ukinunua dawati za shule kwa kontena, ungechagua CIF Mombasa au CIP Tororo? Toa sababu mbili, moja ya bima na moja ya kontena.

Wanafunzi wa biashara wayajibu kwa maandishi na kumpelekea mwalimu wao. Ninyi ndugu zangu mlio kazini, lijibuni swali la pili kwa bei za kweli za mahindi yenu wenyewe, kabla ya lori kufika mlangoni.